Mashine Nayo Itoe Hesabu

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu utotoni nimeusikia ukitajwa mbele ya makatibu wa vyama vya ushirika, wenye maduka, na watunza hazina wa harusi na misiba. Siku hizi daftari limeanza kuhama kutoka mikononi mwa binadamu na kuingia ndani ya mashine, nami ni mmoja wa mafundi wanaolihamisha. Riziki yangu naipata kwa kutengeneza vijikompyuta vya kupima, kuhesabu na kuandika. Kwa hiyo haya nitakayoyasema nayasema dhidi ya kazi yangu mwenyewe, na dhidi ya wenzangu tunaoifanya kwa pupa. Nasema hivi: mashine inayoandika hesabu itakayotumika kumhukumu mtu, kisha ikapoteza sehemu ya hesabu hiyo bila kusema kwamba imepoteza, ni shahidi wa uongo, na fundi aliyeitengeneza hivyo hawezi kujitetea kwamba hakukusudia.

Ndugu msomaji, usiogope kwamba nataka kukutumbukiza katika mambo ya kitaalamu. Siri ya jambo lenyewe ni ndogo, na yeyote aliyewahi kukaa jikoni au kusimamia ghala anaweza kuielewa.

Mwaka 2017 niliitwa katika kijiji kimoja cha mkoa wa Singida. Mvua za huko ni chache, na maji ya kijiji kile yalitoka katika kisima kirefu, yakivutwa na pampu iliyoendeshwa kwa jenereta ya dizeli. Kamati ya maji ilikuwa na shida ya kawaida. Fedha za ndoo ziliingia, dizeli ilinunuliwa, lakini hakuna aliyeweza kusema kwa hakika pampu ilifanya kazi kwa muda gani. Mwendesha pampu alikuwa mzee mmoja mwenye saa ya mkononi na daftari la shule. Kila alipowasha jenereta aliandika saa, na kila alipoizima aliandika saa. Kamati ilitaka kitu cha kuaminika zaidi kuliko mwandiko wa mzee.

Nikawatengenezea. Kilikuwa kibao cha Arduino Uno, kioo kidogo cha kuonyesha namba, memori kadi, betri na paneli ndogo ya jua. Usiku na mchana, kila sekunde, kifaa kiliandika mstari mmoja kwenye kadi: namba ya sekunde hiyo, na kama pampu inakwenda au imesimama. Kioo kilionyesha jumla ya muda ambao pampu imekwenda. Kila Jumamosi katibu alisoma jumla ile, na dizeli ya juma lililofuata ilitolewa kwa kuifuata.

Mwezi wa kwanza daftari la mzee na mashine yangu vilipatana. Tofauti ilikuwa dakika mbili au tatu kwa siku, na hakuna aliyejali. Mwezi wa pili ikawa kama robo saa. Mwishoni mwa mwezi wa tatu, siku ambayo mzee aliandika muda wa saa 6, mashine ilisema saa 5 na dakika 27. Dakika 33 kwa siku, katika siku 30, zinafanya saa 16 na nusu. Na kwa kuwa jenereta ile ilikunywa kama lita 2 kwa saa, hizo ni lita 33 za dizeli kwa mwezi. Kijiji kikaanza kunong'ona. Tazama jinsi hadithi ilivyojipanga yenyewe: mwezi wa kwanza mtu anaiogopa mashine mpya, mwezi wa pili anaionja kidogo, mwezi wa tatu ameshaizoea na sasa anachota. Hivyo ndivyo wizi unavyokua, na kila mtu anajua hivyo.

Mzee akaitwa mbele ya kamati, nami nikaitwa kama shahidi. Mwenyekiti akaniuliza, "Fundi, mashine yako inaweza kukosea?" Nikajibu, "Mwenyekiti, mashine haina tamaa." Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Alinitazama kwa utulivu akasema, "Mwanangu, mimi saa yangu nairekebisha kila jioni kwa taarifa ya habari ya redio. Hiyo ya kwako unairekebisha kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Lakini kwa kuwa kicheko kilikuwa upande wangu, sikulazimika kuwa nalo. Mzee akasimamishwa kazi, na posho yake ya mwezi ikazuiwa kufidia dizeli.

Swali lile liliniandama njia nzima. Bahati nzuri siku ile ya kikao nilikuwa nimenakili faili la kwenye kadi. Juma moja baadaye nikarudi, nikalinakili tena saa ile ile. Siku moja ina sekunde 86,400, na siku 7 zina sekunde 604,800; hiyo ndiyo mistari iliyopasa kuongezeka. Nilikuta imeongezeka takriban 550,000. Kifaa hakikuwa kimezimika hata mara moja, kwani kila kinapowaka huandika alama, na alama haikuwapo. Sekunde kama 55,000, yaani zaidi ya saa 15 katika juma moja, zilikuwa zimetoweka. Mzee hakuiba dizeli. Mashine yangu ndiyo iliyoiba muda, na mimi nilisimama mbele ya watu nikaitolea ushahidi wa uadilifu.

Sasa nieleze iliibaje. Ndani ya kibao kile mna chipu iitwayo ATmega328P, ambayo moyo wake hupiga mara milioni 16 kwa sekunde. Ndani ya chipu mna kihesabio kiitwacho taima. Ukiiambia taima ihesabu moja katika kila mapigo 256, itahesabu 62,500 kwa sekunde; ukiiambia ipige kengele kila itimizapo 625 kisha ianze upya, utapata kengele 100 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 10. Kengele hiyo ndiyo mafundi wanaiita intarapti. Ikilia, prosesa huacha kazi yoyote iliyo mkononi, hutekeleza kazi fupi ya kengele, kisha hurudi pale pale ilipoachia. Ni kama mama anayesonga ugali akasikia hodi: huitikia, "Karibu, subiri kidogo," na mwiko unaendelea. Kazi ya kengele yangu ilikuwa kuongeza moja kwenye hesabu. Hesabu ikifika 100, sekunde imetimia.

Prosesa inaweza pia kuamriwa ifunge mlango, isiitikie kengele kwa muda. Kengele ikilia mlango umefungwa, chipu huweka alama kwamba imelia, na mlango ukifunguliwa huitikiwa. Lakini alama hiyo ni biti moja tu. Inasema kwamba kengele imelia. Haisemi imelia mara ngapi. Ilie mara moja au mara kumi na moja, itaitikiwa mara moja.

Kuufunga mlango kuna sababu yake halali. Chipu hii hushika namba kwa vipande vya biti 8, na kipande kimoja hakiwezi kuzidi 255. Namba kubwa zaidi hukaa katika vipande viwili, navyo husomwa kimoja baada ya kingine. Tuseme hesabu ni 255: kipande cha chini kina 255, cha juu kina 0. Prosesa imeshasoma cha chini, mara kengele inalia na hesabu inakuwa 256, yaani cha chini 0 na cha juu 1. Prosesa ikirudi inasoma cha juu, inakuta 1, inaunganisha na ile 255 ya zamani, na kupata 511. Namba ambayo haijawahi kuwapo! Ndiyo maana tunafundishwa kufunga mlango tunaposoma namba ya namna hiyo, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, kisha kuufungua. Mimi nilijifunza nusu ya somo. Nikajisemea: kama kufunga mlango ni usalama, basi na niufunge pia ninapoandika kwenye kadi, kengele isije ikanivurugia maandishi. Nikaufunga, na nje kengele ziliendelea kulia.

Hapo ndipo kadi yenyewe inapoingia. Memori kadi hizi za SD zilitangazwa mwaka 1999 na kampuni za Panasonic, SanDisk na Toshiba, nasi tumezoea kuziona kama daftari: unafungua, unaandika mstari, unafunga. La hasha, kadi si daftari. Kadi ni ghala, tena lenye mtunza ghala wake ndani. Mzigo huupokea kwa vifurushi vya baiti 512. Mstari wangu ulikuwa wa baiti 20 tu, kwa hiyo kuuandika kulimaanisha kukitoa kifurushi kizima, kubadili sehemu yake ndogo, na kukirudisha kizima. Fauka ya hayo, kumbukumbu za jamii hii haziandikwi juu ya maandishi ya zamani. Lazima eneo lifutwe kwanza, na eneo linalofutwa ni kubwa mara nyingi kuliko kifurushi kimoja. Tena kila eneo lina kikomo cha mara ambazo litafutika kabla ya kuchakaa. Kwa hiyo mtunza ghala huhamisha mizigo, hufuta, hupanga upya, naye hufanya hivyo wakati anaopenda yeye. Wakati huo jibu lake kwa prosesa ni moja: subiri. Kanuni za kadi za SDHC zinamruhusu kuchelewesha uandishi mmoja hadi milisekunde 250. Kwako na kwangu hiyo ni robo ya sekunde, si kitu. Kwa taima yangu hizo ni kengele 25.

Nikaongeza kosa juu ya kosa: nililifungua na kulifunga faili kila sekunde. Katika mpangilio wa FAT32, ambao kadi nyingi za aina hii huutumia, faili ni mnyororo, na kila pingili inajua pingili inayoifuata tu. Ili kuandika mwishoni, programu ilianza kwenye pingili ya kwanza na kuufuata mnyororo hadi mwisho, kisha ikafunga. Sekunde iliyofuata ikaanza tena mwanzo. Siku ya kwanza safari ile ni fupi. Lakini mistari 86,400 ya baiti 20 ni zaidi ya baiti milioni 1.7 kwa siku, na mnyororo ulirefuka kila kulipokucha. Nilipoipima baada ya miezi mitatu, kufungua, kuandika na kufunga kulichukua takriban milisekunde 110. Kengele 11 zililia, ikakumbukwa 1, zikapotea 10. Kila sekunde ya mashine yangu ikawa ni sekunde moja na sehemu ya kumi ya sekunde ya Mungu. Gawanya saa 6 kwa 1.1, utapata saa 5 na dakika 27.

Hiyo ndiyo "tamaa" iliyokuwa ikikua mwezi hadi mwezi. Ilikuwa ni faili linarefuka.

Nimewahi kuwasimulia mafundi wenzangu mkasa huu, nao hunijibu kwa tetezi nne. Ninazijua vizuri, kwani zote nimewahi kuzitumia.

Wa kwanza husema: mezani ilifanya kazi. Ni kweli, hata yangu ilifanya kazi mezani, kwa dakika kumi, na kadi mpya isiyo na kitu. Lakini ukijenga mtumbwi wa kuvukia ziwa, huujaribu ndani ya karai. Mashine itakayohesabu kwa miezi haina budi kupimwa na kadi iliyojaa, kadi ya bei ya chini ambayo mwenye kijiji ataimudu, faili refu, na joto la mchana chini ya bati. Tukikwepa kupima hivyo, tunakuwa tumewaachia wanakijiji kazi ya kupima, nao hawajui kwamba wanapima.

Wa pili husema: ni kosa dogo. Kosa dogo linalojirudia upande mmoja halibaki dogo. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraki lilipiga kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukilinda eneo lile haukurusha kitu. Ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kamili katika namba za kompyuta zenye 0 na 1 tu, kama vile theluthi isivyoandikika kamili katika desimali zetu. Kila hesabu ilikatwa kidogo mno. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa mfululizo kwa zaidi ya saa 100, na kile kidogo kilikuwa kimefikia sehemu 0.34 ya sekunde. Kombora la kasi ile huenda zaidi ya nusu kilometa katika muda huo. Mtambo ukalitafuta mahali ambapo halikuwapo. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran siku iliyofuata. Basi mtu asiniambie kwamba milisekunde si kitu.

Wa tatu husema: nunua kompyuta kubwa zaidi. Naam, zipo chipu zenye nguvu kubwa kwa bei nafuu, nami nazitumia. Lakini ukiweka dereva mwenye mbio nyuma ya lori lililoziba barabara, atafika pamoja na lori. Kadi itachelewa vile vile. Na ukubwa haumwokoi aliyeliacha faili lirefuke bila kulichunga. Chombo cha Marekani kiitwacho Spirit kilitua kwenye sayari ya Mirihi mwanzoni mwa Januari 2004. Tarehe 21 ya mwezi ule ule mawasiliano yakaharibika, na kompyuta yake ikawa inajiwasha upya, tena na tena. Chanzo kilikuwa ghala lake la kumbukumbu, la jamii moja na memori kadi zetu. Mafaili yalikuwa yamerundikana, mengine tangu njiani, hata kuyapanga tu kukahitaji nafasi kubwa kuliko iliyotengwa. Wahandisi walikiokoa kwa kukiamuru kiwake bila kuligusa ghala, kisha wakafuta mafaili. Wale walikuwa wataalamu wenye fedha na maabara. Sembuse mimi na bisibisi yangu?

Wa nne peke yake ndiye ninayemheshimu. Husema: ukiacha kuandika kila sekunde, ukakusanya mistari kwanza ndipo uandike, umeme ukikatika utaipoteza iliyokusanywa. Ni kweli. Hapa pana uamuzi, na uamuzi una gharama. Lakini linganisha hasara hizo mbili. Moja ni dakika moja ya mwisho kabla umeme haujakatika. Naijua, naweza kuionyesha, na mtu yeyote anaweza kuiona kwenye faili. Nyingine ni dakika 33 kila siku, zilizotapakaa ndani ya hesabu kama maji ndani ya maziwa, ambazo hakuna jicho litakaloziona. Nachagua hasara yenye mipaka, inayojulikana.

Basi mashine kama hii ijengweje? Kengele ifanye jambo moja: kuongeza hesabu, na sekunde ikitimia, kuweka mstari kwenye foleni. Kamwe isiiguse kadi. Foleni hiyo, ambayo mafundi huiita bafa, haihitaji kuwa kubwa. Mistari 16 ya baiti 16 kila mmoja ni baiti 256, na chipu ile ndogo ina baiti 2,048. Programu kuu, mlango ukiwa wazi, ichukue mistari kwenye foleni kwa raha zake na kuipeleka kadini. Kadi ikichelewa robo ya sekunde, au hata sekunde nzima, foleni inayobeba sekunde 16 inamstahimilia mtunza ghala, na kengele haipotei. Faili lifunguliwe mara moja, maandishi yathibitishwe kadini kila dakika, na kila siku ianze na faili lake, ili mnyororo usirefuke hata ukawa mzigo. Mlango ufungwe tu wakati wa kusoma namba yenye vipande viwili, kisha ufunguliwe hapo hapo. Na iwepo saa ya pembeni yenye betri yake, ya kulinganisha na taima, ili kila saa tofauti yao iandikwe.

Hayo ni ufundi tu, na fundi mwenye bidii atayajifunza kwa siku chache. Linalobaki ni la adabu, nalo ndilo tunalolikwepa: mashine iandike makosa yake. Kila mstari uwe na namba yake ya mfululizo, ili ukikosekana pengo lionekane. Foleni ikijaa, mashine isiutupe mstari kimyakimya, bali ihesabu iliyoitupa na kuiandika: hapa nimekosa mistari mitatu. Wapo wanaoona aibu kuweka jambo kama hilo katika kazi yao. Wanataka faili safi. Nawakumbusha tarehe 20 Julai 1969, siku binadamu alipotua mwezini. Kompyuta ya chombo kile cha Apollo 11 ilikuwa na maneno 2,048 tu ya kumbukumbu ya kuandikika, na wakati wa kushuka rada moja ilikuwa ikiinyang'anya muda. Kompyuta haikunyamaza. Ilionyesha onyo namba 1202, maana yake kazi zimezidi nafasi, ikaziacha zisizo za lazima na kuendelea na zile za kutua. Wanaanga wakaliona onyo, wahandisi duniani wakalielewa, chombo kikatua. Heshima ya kompyuta ile haikupungua kwa kukiri kwamba imezidiwa.

Wala sitawaacha wanakamati. Mlango huu wa dhuluma ulikuwa na kufuli mbili, na ya pili ilikuwa yao. Mzee alikuja na daftari, saa ya mkononi na redio, mashahidi watatu ambao kila mtu kijijini angeweza kuwachunguza. Mimi nilikuja na kioo chenye tarakimu zinazowaka. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja isipokuwa mshtakiwa mwenyewe. Tumefika mahali ambapo mtu akileta karatasi tunadai mihuri mitatu, lakini namba ikitoka kwenye mashine tunavua kofia. Popote unapoletewa mita, mizani au kinasa muda cha kazini, uliza mambo matatu kabla hujamwadhibu mtu. Saa yake inalinganishwa na nini? Ikipoteza hesabu, itasema wapi? Na ipo njia ya pili, hata kama ni daftari la mkono, ya kuihakiki? Fundi asiye na majibu aambiwe arudi nyumbani na mashine yake.

Mimi nilirudi kwenye kamati ile na majibu yaliyochelewa. Nikaomba kikao kiitishwe mbele ya watu wale wale waliocheka. Nikaandika ubaoni 604,800, na chini yake 550,000, nikaeleza kama nilivyokueleza wewe. Mwenyekiti akakaa kimya kidogo, kisha akauliza nani atalipa posho iliyozuiwa. Nikailipa mimi, kutoka katika ujira wao wenyewe walionipa. Mzee akarudishwa kazini. Hakudai kuombwa radhi, ingawa nilimwomba. Alidai jambo moja tu: daftari lake lisomwe kila Jumamosi pamoja na mashine, na tofauti iandikwe na katibu. Kamati ikakubali.

Kifaa kipya nilikitengeneza kama nilivyoeleza hapo juu. Kwa muda mrefu kilipatana na daftari, na pale kilipokosa kiliandika. Kisha siku moja mwaka 2019 mzee akanipigia simu. "Mwanangu, leo tofauti ni dakika mbili." Zamani dakika mbili zilikuwa kitu ambacho hakuna aliyekijali. Kesho yake alfajiri nikapanda basi. Nikakagua kifaa, foleni, kadi na saa ya pembeni, nisione kasoro. Ndipo mzee akavua saa yake ya mkononi na kunipa. Betri ilikuwa imechoka, mshale ulikuwa unasitasita. Akacheka kidogo, akalifungua daftari lake, akaandika tarehe, na mbele yake: saa yangu ilichelewa dakika mbili.